Mwaka Feni Haikunyamaza

Ujumbe wa msiba ulinikuta ofisini, Dar es Salaam, nikiwa nimeinama juu ya laptopu ya binti mmoja tunayefanya naye kazi. Alikuwa akilalamika kwamba mashine yake inachemka bila sababu: hajafungua kitu, hajaendesha kitu, lakini prosesa inaonyesha ina shughuli karibu nusu ya uwezo wake, na feni inalia utadhani inataka kupaa. "Dada, kuna mtu kaniingilia humu ndani," alisema. "Huyo mtu humjui, usimseme," nikamjibu kwa ukali ambao hakuustahili. Ndipo simu yangu ikatetemeka mezani. "Mama katutoka. Tunazika Alhamisi saa tisa, Kwihara. Maganga." Nilisoma mara tatu. Ilikuwa imepita miaka minane tangu mwenye jina hilo aniandikie neno, na hata sasa hakusema njoo wala hakusema usije. Nilimwambia binti azime kwanza klasta yake, ile programu inayojiendesha nyuma ya kazi zake, kisha asikilize feni itasemaje, nami nikaenda kuomba ruhusa.

Kwa basi, kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora ni safari ya kutwa. Ukishaipita Dodoma, nchi inanyooka na mtu anabaki na mawazo yake. Mimi ni Mgogo, na kila nikipita pale huwa nakumbuka kwamba misafara ya zamani ilipita humohumo, Wanyamwezi wakiwa na meno ya tembo mabegani wakielekea pwani, na wazee wetu wakiwangoja kwenye visima ili wawatoze hongo. Hongo ya wakati ule haikuwa rushwa ya leo. Ilikuwa ushuru wa njia: hulipi, hupiti, na maji hunywi. Waligombana sana kwa ajili ya hongo, na walipochoka kugombana wakaanza kutaniana. Utani huo upo mpaka leo. Mgogo anaweza kumtukana Mnyamwezi hadharani na Mnyamwezi akacheka. Anaweza kumnyang'anya kofia akaondoka nayo. Mtani akifiwa, wewe ndiye unayekwenda kumchekesha, hata kaburini, na hakuna anayekukemea. Nayasema haya mapema kwa sababu ndani yake ndimo nilimoharibu.

Miaka minane nyuma, chumba cha kazi tulichopanga mimi na Maganga kilikuwa Ipuli, mjini Tabora, uani kwa Bi Mwajuma. Ukuta wake ulipakwa rangi ya mafuta ya kijani kutoka chini mpaka usawa wa kiuno, juu yake chokaa, na dirisha lilikuwa na wavu wa mbu ulioshonwa viraka kwa uzi wa sare za shule. Uzi huo ulikuwa wa Bi Mwajuma mwenyewe. Alikuwa mjane, mtu wa mji tangu enzi na enzi, na kazi yake ilikuwa kushona sare barazani kwa cherehani ya miguu. Tulikuwa na meza mbili, moja ya kununua na nyingine ya mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na laptopu moja nzuri tuliyochangia mimi na Maganga. Asubuhi niliitumia mimi, mchana akaitumia yeye. Ijumaa Bi Mwajuma alituletea pilau kwenye sinia lililofunikwa kawa, akakaa nasi mpaka sinia lirudi tupu, na katika muda huo alisikia kila tulichosema. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mkataba ulionipeleka Tabora ulikuwa umekwisha, nami nikabaki, kwa sababu Maganga alikuwa amepata kazi iliyohitaji watu wawili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya chama cha wafuga nyuki. Asali ililetwa vituoni kwa ndoo kutoka vijiji vingi, ikimwagwa pamoja, na ikigundulika kwamba imechanganywa na maji au imeungua, hakuna aliyejua ilitoka kwa nani. Walikuwa na madaftari, lakini madaftari ya warina asali hugandana kurasa. Walitaka kila ndoo iwe na namba yake, na namba iseme ya nani, ya msitu gani, imefika lini. Vituo vingi havikuwa na umeme, kwa hiyo mfumo ulipaswa kwenda na laptopu, ufanye kazi kwa betri mpaka jua lizame. Hilo la betri walilirudia mara nyingi sana. Wakati ule niliona wanajirudia bure.

Maganga alikuwa Mnyamwezi mrefu, mwenye sauti ya chini na mifuko iliyojaa karanga. Siku ya kwanza tu alipojua kabila langu alisimama mlangoni, asiingie. "Mlinzi wa kisima," akasema, "mpagazi anaomba njia." Nikamwambia alipe hongo. Akanipa karanga tatu. Tangu siku ile ikawa desturi: akija saa sita kushika zamu yake hukaa kizingitini mpaka aweke karanga kiganjani mwangu, nami husema hazitoshi, naye husema utachukua hizo hizo. Bi Mwajuma alituona wendawazimu. "Watu wazima nyie," alikuwa akisema, mguu ukiwa kwenye kanyagio.

Jumapili tulikwenda Kwihara kwa mama yake baada ya misa. Wageni walikwenda Kwihara kuona tembe la kale, wakapiga picha milango ya kuchongwa, wakarudi mjini. Sisi tulipita pembeni ya tembe hilo bila kuligeukia, tukafuata njia ya shamba. Mama alikuwa mfupi, tofauti kabisa na mwanawe, na miguu yake ilikuwa na vumbi la shambani hata siku ya Bwana. Nilipoinama na kusema shikamoo, aliitikia marahaba vizuri, kisha akanigeuzia kibao. "Leo umekuja kutoza nini? Kuku nimewafungia." Nikamwambia nimemfuata yeye mwenyewe, nimpeleke Ugogo akatuchotee maji. Akacheka mpaka akakaa chini. Jikoni kwake kulikuwa na joto na giza la kupendeza, na chakula kilikuwa ugali na kisamvu cha karanga, au uyoga wakati wa mvua, na baadaye michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, tukitafuna taratibu huku wao wawili wakiongea Kinyamwezi na kunitafsiria yale ya kunisema tu. Nikiondoka alinifungia michembe mfukoni. "Usile njiani ukamaliza, Mgogo. Na mwenye nyumba umpe." Nilimpenda yule mama. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu mtani humwambii hivyo.

Sasa klasta. Mfumo wetu ungetosha kuwa programu moja, inayofunguka na kufungwa. Mimi sikutaka hivyo. Nilikuwa nimesoma jinsi kampuni kubwa za duniani zinavyofanya: programu inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinakaa ndani ya kontena lake, na juu ya makontena yote kunakuwa na wasimamizi wanaoangalia nani yupo, nani kaanguka, nani ainuliwe. Mkusanyiko huo wote ndio klasta. Kampuni hizo zinaugawa kwenye seva nyingi. Sisi tulikuwa na laptopu moja kwenye meza ya mlango. Maelekezo yalisema wasimamizi wawe watatu ili mmoja akifa wawili wabaki, nami nikaweka watatu, wote ndani ya mashine ileile, ambayo ikizimika wanakufa wote kwa pamoja. Leo nikilifikiria naona haya mpaka masikioni. Maganga alisoma nilichofanya, akakuna kichwa. "Mgogo, msafara una virangozi watatu," alisema. Kirangozi ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, anayetangulia na ngoma. "Mpagazi yuko wapi? Mzigo uko wapi?" Nikamwambia wapagazi hamjazoea kuongozwa vizuri. Akacheka, nami nikacheka, na wasimamizi wakabaki watatu.

Feni ilianza siku hiyohiyo. Mwanzoni nilisema ni joto la mwezi wa kumi. Kisha mvua zikaja, hewa ikapoa, feni ikaendelea. Ulikuwa mlio mwembamba usiopanda wala kushuka, na baada ya wiki mbili mtu ulimwingia kwenye meno. Tulikuwa hatuzimi klasta kwa sababu kuiwasha tena kulichukua muda mrefu na mara nyingine iligoma, kwa hiyo iliwashwa tu, tuwepo au tusiwepo, na chaja ilikaa ukutani muda wote. Ijumaa moja, sinia likiwa katikati yetu, Bi Mwajuma aliielekezea mashine kidole chenye wali. "Hii inafanya nini sasa hivi?" Nikamjibu haifanyi kitu, tunakula. "Cherehani yangu nikiondoa mguu inanyamaza," akasema. "Sasa yenu nyie, mguu wa nani uko kwenye kanyagio?" Maganga aliona ni maneno ya kuchekesha. Mimi yalinikaa.

Mwezi wa pili tuliitwa Lusu, upande wa Nzega, kuuonyesha mfumo mbele ya wanachama. Tulifika mapema, betri ikiwa imejaa, nikaiweka laptopu mezani mbele ya ukumbi ikiwa wazi na kila kitu kimeshawashwa, ili zamu yetu ikifika nisihangaike mbele za watu. Kilichofuata anakijua kila aliyewahi kukaa mkutanoni kwetu. Ilifunguliwa kwa sala. Mwenyekiti akatambulisha meza kuu, meza kuu ikatambulisha wageni, kila mgeni akasimama kusalimia, akasema hana mengi, akayasema. Wimbo ukaimbwa. Muda wote huo laptopu ilikaa pale bila kuguswa, na feni yake ikisikika mpaka safu ya pili. Tulipoitwa, nilisajili ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndoo ya nne ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa ametembea nayo tangu alfajiri. Nikaandika jina lake, na kioo kikawa cheusi. Mzee akainama kutazama kioo, akaniuliza kwa upole, "Nimekosea nini?" Watu hawakucheka, na afadhali wangecheka. Mwenyekiti alisema tutapangiwa siku nyingine. Nyuma yake nilisikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Daftari halizimiki."

Betri ile ilikuwa mpya na ilipaswa kukaa saa tano. Ilikuwa imekufa bila kufanya kazi, na swali la Bi Mwajuma likarudi: mguu wa nani? Wiki hiyohiyo mpwa wake alikuja kutoka Dar es Salaam, kijana wa maneno mengi, akatusimulia barazani habari za watu wanaochimba sarafu za mtandaoni. "Wanaifanyisha kazi mashine ya mtu mwingine, bi mkubwa, mwenyewe hajui. Anaona inaungua tu." Maganga hakuwepo. Siku mbili baadaye alikuja na simu mpya mfukoni, akasema amepewa na binamu yake. Sikuuliza binamu gani. Mashine ilikuwa mikononi mwake kila mchana, mimi nikiwa sipo. Yote yakapangika kichwani mwangu vizuri kabisa, na jambo moja tu lililokuwa mbele ya macho yangu, ile klasta niliyoisimika mwenyewe, sikuliweka kwenye mstari. Ilikuwa fahari yangu, na fahari mtu haikagui.

Nilimngoja Alhamisi saa sita. Alisimama kizingitini kama kawaida, mkono mfukoni. Sikunyoosha kiganja. Nikamuuliza, "Maganga, mchana unaitumia mashine hii kwa kazi gani?" Akasema, "Ya kukulisha wewe." Nikasema, "Kuna kitu kinazunguka humu ndani hata tukiwa hatufanyi kazi. Unachimba sarafu. Wewe ni mwizi." Alinitazama kidogo, kisha uso wote ukafunguka kwa kicheko. Akaweka mkono kifuani. "Naam, Mgogo, umenikamata. Babu zako walimtoza babu yangu kitambaa na shanga kwa maji ya mvua, nami nimekuja kulipiza. Nimekuibia betri, nimekuibia feni, na kesho nakuiba wewe mwenyewe nikakuuze Ujiji." Akatoa karanga mfukoni. Zilitoka pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi akairudisha, karanga akaziweka mezani, akavuta kiti.

Mtu wa kabila lingine ningemsamehe kwa kutokuelewa. Mimi nilielewa. Nimekulia kwenye utani, najua mtani anavyokiri makosa ambayo hakuyafanya, na kadiri anavyokiri kwa mbwembwe ndivyo anavyokuambia kwamba hana kosa. Lakini nilikuwa nimetoka Lusu na aibu, nilitaka mwizi, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa amesema naam. Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hawakusema kwamba mara nyingine anayelitumbua jipu ni yule aliyeacha kucheka. Asubuhi iliyofuata, kabla hajafika, nilibadilisha paswedi ya mashine.

Alikuja saa sita, akalipa karanga zake mezani kwa sababu nilikuwa nimempa mgongo, akakaa, akaandika paswedi. Ikakataa. Akaandika tena polepole. Kisha vidole vyake vikaacha kubonyeza, na sikugeuka. Nilisikia kiti kikisukumwa. Nilisikia akimuaga Bi Mwajuma barazani kwa heshima zote, akimshukuru kwa pilau, na Bi Mwajuma akiuliza, "Kwani unakwenda wapi, mwanangu?" Jibu lake sikulisikia. Alipoondoka Bi Mwajuma alikuja mlangoni, uzi ukiwa bado mdomoni. Nikamwambia alikuwa ananiibia. Alinitazama tu, akarudi kwenye kazi yake.

Nilifanya kazi peke yangu siku kumi. Feni ililia siku zote kumi. Siku ya kumi na moja Bi Mwajuma aliacha kushona, akaniita kutoka barazani bila kuinuka. "Mwizi wako kaondoka. Mbona mguu bado uko kwenye kanyagio?" Nilikaa na swali hilo kama dakika tano. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya Lusu. Nilifuta programu yetu yote ndani ya klasta, kipande kwa kipande, mpaka pasiwe na kontena letu hata moja. Prosesa ikashuka kidogo sana. Bado karibu theluthi ya nguvu yake ilikuwa inakwenda. Klasta ilikuwa tupu, na wasimamizi wangu watatu walikuwa kazini. Walikuwa wakiulizana kila baada ya sekunde chache: upo? Nipo. Wewe upo? Nipo. Kila jibu likaandikwa kwenye daftari lao, daftari la mmoja likalinganishwa na ya wenzake, wakahakikisha nani ni mkubwa, wakaanza tena. Hivyo ndivyo walivyoundwa, wakeshe kuangalia mzigo, na hata mzigo usipokuwepo hawaachi kuangalia. Hakukuwa na mwizi. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe nililileta mimi.

Nikazima wasimamizi wawili. Mlio ukapungua. Nikazima wa tatu. Feni ikaendelea kidogo, ikalegea, ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano nilisikia chumba kile: kuku wa jirani, sufuria uani, na cherehani barazani. Kisha cherehani nayo ikanyamaza. "Kumbe ilikuwa yenyewe," alisema Bi Mwajuma. "Utamwambia lini?" Nikasema kesho.

Sikumwambia kesho. Niliandika upya mfumo ukawa programu moja nyepesi, isiyo na klasta, kama Maganga alivyonishauri kwa utani wake, nikaupeleka Lusu. Ulisajili ndoo tangu asubuhi mpaka jioni, na betri ikabaki. Yule mzee wa ndoo ya nne alikuwepo. Aliliona jina lake kwenye kioo, akaligusa. Kwa kazi hiyo nikaitwa Dar es Salaam, na yote niliyoyapata baadaye yalianzia hapo. Kabla ya kuhama nilimwandikia Maganga mstari mmoja: "Rudi, kazi ipo." Sikuandika kwamba nimekosea. Niliona akirudi nitamwambia uso kwa uso, na asiporudi basi. Alijibu baada ya siku mbili: "Hongo nimeshalipa, Mgogo. Niache nipite." Kwihara sikukanyaga tena. Niliamini mama yake anajua, na nilimwogopa mama yule kuliko nilivyomwogopa mwanawe. Miaka minane nilijiambia kwamba ni lazima ananichukia, na kwamba ana haki.

Alhamisi nilifika Kwihara saa saba. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na ghala, wanaume wamekaa kwenye viti vya kanisa, kwaya ikiimba taratibu, na upande wa jikoni wanawake walikuwa wakikaanga karanga na kusonga ugali wa watu wengi. Shangazi yake Maganga alinitambua kabla sijavua viatu. "Mtani wetu Mgogo kaja!" Nyuso zikageuka, zikingoja. Nilipaswa kuuliza kwa sauti kama marehemu ameniachia kuku, au kulala kwenye mkeka nikidai kwamba mimi ndiye mfiwa mkuu. Sikuweza kufungua mdomo. "Mbona kimya?" akauliza shangazi. "Mtani hana kimya msibani." Nikamwomba anionyeshe alipo Maganga.

Alikuwa nyuma ya ghala akiwaelekeza waliochimba kaburi wanawe mikono. Alikuwa amenenepa kidogo na kunyoa kichwa chote. "Mgogo," akasema. Nikampa pole, akaipokea. Nikasema, "Nina neno, na si la utani." Akasema, "Liseme basi." Nikalisema tukiwa tumesimama hivyohivyo, kwamba haikuwa yeye, ilikuwa klasta yangu ikiwa tupu, kwamba nilijua siku ya kumi na moja na nikanyamaza miaka minane, na kwamba nilimkosea na naomba anisamehe. Waliokuwa wakinawa mikono waliondoka.

"Mimi nilijua siku mbili baada ya Lusu," alisema Maganga. "Nilifuta kila kitu, nikawaacha virangozi wako watatu peke yao, nikapima, nikaandika kwenye karatasi, kisha nikarudisha kila kitu. Siku ile unaniita mwizi ilikuwa mfukoni, chini ya karanga. Nilitaka nikuonyeshe tucheke."

"Kwa nini hukunionyesha?"

"Uliniita mwizi, nikajua mtani wangu yuko kazini, nikajibu kama mtani. Nikasema nikikaa nitakuonyesha. Ukatoka. Kesho yake paswedi ikakataa." Alisugua kiganja kwenye suruali. "Hapo ndipo nikajua ulikuwa unasema kweli. Mtu anayesema kweli kwamba wewe ni mwizi, humwonyeshi karatasi."

Nikamuuliza kama mama alijua. Alinitazama kwa mshangao. "Nimwambie nini mama? Kwamba mtani wake kaniita mwizi? Angecheka siku nzima. Angesema hiyo ndiyo kazi yako. Nilimwambia kazi zimekubana. Kila mwaka akianika michembe alikutengea mfuko wako. Miaka ya mwisho aliacha kuuliza utakuja lini. Mfuko aliutenga." Nililia pale, si kwa adabu ya msibani, nililia vibaya, nikijishika kwenye nguzo ya ghala. Nilikuwa nimemkimbia miaka minane mtu ambaye hakuwa na neno nami. Maganga hakunigusa wala hakuniambia ninyamaze. Nilipotulia alisema, "Ulinikosea, Mgogo. Nimekusikia." Kisha akatazama jua. "Saa tisa inakaribia. Upande wa watani hauna mtu, na mama hawezi kuzikwa kama mtu asiye na watani. Nenda kazini kwako."

Jeneza lilitoka ndani likiwa mabegani mwa wanaume sita, katekista mbele na msalaba. Njia ya kwenda kaburini ilipita kati ya matuta ya viazi, nyembamba. Nikaenda nikasimama katikati yake, nikapanua mikono. "Simameni!" nikasema, nikalirudia kwa sauti kubwa zaidi. "Msafara huu unapita nchi ya nani? Nani kawapa njia? Huyu bibi kanywa maji yetu na kuku wake alinifungia. Hapiti bila hongo!" Kwaya ikakatika. Katekista, mtu wa hukohuko, akashusha msalaba begani akangoja. Shangazi akapiga kigelegele, na kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele, watu wakicheka huku wakifuta macho. Maganga akatoka kwenye kundi. Akapita jikoni, akarudi, akasimama mbele yangu, akaweka kiganjani mwangu karanga tatu, bado zina moto wa chungu.

"Hazitoshi," nikasema.

"Utachukua hizo hizo."

Nikafumba kiganja, nikasogea tutani, na mama akapita.